Kujiandaa kiroho kila siku: mimi niliangukia kwenye mizani ya korosho

Mleta mada, umeuliza kwa nini ukitoka mkesha unakuwa wa moto, halafu wiki mbili hazijaisha umepoa kama uji wa jana, na ufanyeje ili Bwana akija, au jaribu likija, likukute tayari. Wachangiaji wa juu wamekushauri ufunge zaidi na uongeze mikesha. Kufunga sipingi. Ila mimi nilikuwa bingwa wa mikesha, sasa ngoja nikusimulie mchana nilikuwa nafanya nini.

Mimi ni Mwanglikana wa Masasi. Huku kanisa lilianza mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, wakashukia Lindi, wakatembea kwa miguu mpaka hapa kwenye majabali. Miaka sita tu baadaye, 1882, Wamagwangwara, yaani wapiganaji wa Kingoni, wakaivamia misheni, wakachoma na kuteka watu. Habari hiyo tumekua nayo. Mhubiri wa kwetu akifika kwenye neno "kesheni" hawezi kuiruka. Kwa hiyo kichwani mwangu kujiandaa kulikuwa na sura ya uvamizi: siku moja mtu atanishikia panga nimkane Kristo, na mimi nitakataa. Kwa siku hiyo nilikuwa nimejipanga sawasawa. Kwaya nipo, mkesha wa Ijumaa nipo, Kwaresima nafunga yote.

Mwenye panga hajaja mpaka leo. Nilipigwa na nukta saba.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima, jina nitaliacha. Kwa wasioijua kazi hii: tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, mkulima analeta mzigo chamani, unapimwa, anaandikiwa risiti, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada, pesa inakuja baadaye. Kilichoandikwa na karani ndicho atakacholipwa. Niliyemkuta kazini akanifundisha kwamba nukta haziandikwi. Mizani ikisoma 47.6, andika 47. "Hiyo ni ya unyaufu," akasema. Korosho ikikaa inakauka, uzito unashuka, na ghalani wakikuta pungufu mtalipa nyie. Na ni kweli korosho hunyauka, hapo hakudanganya. Ndiyo maana uongo ule uliteremka vizuri kooni. Msimu ulipoisha, unyaufu ulikuwa mdogo kuliko nukta tulizokata. Ziada ikauzwa kwa jina la mtu, tukagawana. Mgao wangu wa kwanza niliutolea zaka. Naam, fungu la kumi, ndani ya bahasha, na jina langu juu.

Sasa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, nimetoka mkesha alfajiri nikaenda moja kwa moja kwenye foleni. Saa saba mchana sijatia kitu tumboni, macho mazito. Bibi mmoja mjane akafika na kiroba kichwani, nikamtua. Mizani ikasoma 23.7. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama usoni akatabasamu: "Bwana Yesu asifiwe, baba. Jana uliimbisha vizuri." Nikasema "Amina, bibi," na mkono ukaandika 23.

Mleta mada, hapo ndipo pa kukaa kidogo. Hapakuwa na vita moyoni. Hakuna simba aliyenguruma. Sikushindwa kwenye jaribu maana hata sikujua kama kuna jaribu. Nilishtuka usiku, nimelala, sauti ya bibi yule ikirudi, nikajiuliza ni mara ngapi nimeitikia "Amina" huku naandika.

Isome tena Mathayo 25, polepole. Wanawali wote kumi walisinzia wakalala, wenye busara na wapumbavu. Bwana arusi hakumgombeza yeyote kwa usingizi. Kilichowatenga ni chombo cha mafuta, ambacho waliokuwa nacho walikibeba mapema, kabla giza halijaingia. Kwa hiyo huko kupoa kwako kusikutishe sana. Hisia zinajaa na kupwa. Mimi ningekuuliza swali jingine: giza lako huingia saa ngapi, na mahali gani? Langu lilikuwa linaingia saa saba mchana, jua la utosi, nikiwa na njaa, mbele ya mizani. Nami mafuta yangu yote nilikuwa nayamaliza usiku wa Ijumaa.

Nilichobadilisha msimu uliofuata ni vitu vya kawaida mpaka naona haya kuviandika. Naamka na adhana ya alfajiri, msikiti uko jirani na hauchelewi, saa ya simu sina haja nayo. Nasoma zaburi moja. Kisha naitaja siku mbele za Mungu kwa saa na kwa watu: leo foleni itakuwa ndefu, leo fulani ataleta korosho za kangomba, zile za kununua kinyemela kwa wakulima, akitaka ziingie kwa jina la mkulima, leo nitachoka baada ya saa sita. Ile sala yangu ya zamani ya "unilinde na mabaya yote" ilikuwa pana mno, kila baya lilipita katikati. Halafu nakunywa chai na muhogo kabla sijatoka. Usicheke. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akitaka kufa, malaika alianza na mkate, mahubiri yakaja baadaye. Mkesha wa Ijumaa wakati wa msimu niliuacha, na wapo waliosema nimerudi nyuma.

Na kwenye mizani nikaanza kuitaja namba kwa sauti, pamoja na nukta yake, mkulima asikie na foleni isikie. Hilo lilinisaidia kuliko maombi mengi, nasema ukweli wangu, ingawa najua bila yale maombi ya alfajiri nisingethubutu. Wenzangu hawakulipenda. Mwaka uliofuata sikuitwa tena, nikabaki na shamba langu.

Kabla ya hapo nilikwenda kuungama. Nikamuuliza padri habari za Zakayo, je, na mimi nirudishe mara nne? Akacheka kidogo: "Anza na mara moja."

Mwezi wa pili nikaenda kwa yule bibi. Nilimkuta barazani anabangua korosho. Wanaoijua kazi ile wanajua mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi. Pembeni yake palikuwa na kifuu cha majivu. Alikuwa amejipaka mpaka viganjani, na kila akibangua kadhaa anachovya tena vidole, bila hata kutazama. Akanipa kifundo cha mkono tusalimiane. Nikamweleza yote, nimeangalia chini. Mwaka ule alileta mzigo mara nne, nukta zenyewe nilikumbuka ile moja tu, nikakadiria kilo tatu, nikampa pesa yake. Akafuta mikono, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga.

"Na za wale wengine?" akaniuliza, akachovya vidole kwenye majivu, akaendelea na kazi.

Daftari langu la msimu ule ninalo. Majina yapo, kilo zipo, nukta hazipo, kwa hiyo naenda nyumba kwa nyumba tunakadiria na mwenyewe. Wengine wananisamehe wanakataa pesa, mmoja alinitukana mbele ya watoto wake. Nimebakiza kumi na mmoja, na mmoja wao amehamia Nachingwea.