Kabla ya kuuliza fedha, ulizeni nani anafunga tepe

Swali lenu la wiki hii, kama mbio na matembezi ya hisani ya kila mwaka yanaisaidia hifadhi au yanaichosha, limenigusa pabaya, na jibu langu la haraka ni kwamba yanaichosha. Mkiuliza fedha zilizochangwa mtajibiwa vizuri. Swali ninaloanza nalo mimi ni jingine: nani anafunga tepe za kuonyesha njia, na nani anakuja kuzifungua?

Hesabu ya fedha waandaaji wanaijua. Kibali, bima, gari la wagonjwa na vyoo hugharimu karibu kilekile hata waliojisajili wakipungua nusu. Fulana, medali na chakula hupanda kwa kila kichwa. Fulana ndiyo inayoula mchango kimyakimya, maana huagizwa usajili haujafungwa, saizi zinakisiwa, na zinazobaki hazifai mwakani kwa kuwa zimechapwa mwaka kifuani. Msichapishe mwaka, basi. Hilo linarekebishika kwa kalamu.

Ardhi hairekebishiki kwa kalamu. Kila mbio yenye masafa mawili ina njia panda yake, pale wa kilomita 5 wanapokata kushoto na wa kilomita 10 wananyoosha. Kuna asubuhi moja ambapo njia panda ya namna hiyo, kwenye kilomita ya tatu, ilikuwa na tepe tatu kwenye mti wa kushoto, na ya kunyoosha moja tu, tena ng'ambo ya kona, isikoonekana mpaka uwe umeshapita. Zilikuwa zimefungwa jioni iliyotangulia na mtu anayeijua njia kama kiganja chake, na hapo ndipo kosa lilipoanzia: anayeijua njia haoni panapopoteza. Msimamizi alikuwa mmoja. Mkimbiaji wa kilomita 5 akateguka kifundo hatua chache mbele, msimamizi akamkimbilia, kama inavyopasa. Njia panda ikabaki tupu kwa dakika kumi.

Wa kwanza wa kilomita 10 akafika macho yakiwa chini kwenye mizizi, akainua kichwa, akaona tepe kushoto, akakata. Waliomfuata hawakutazama tepe, walitazama mgongo wake. Watu kama arobaini. Mita 400 mbele wakakuta kibao cha mbio za kilomita 5 na kushtuka. Njia yao wakaiona juu, upande wa pili wa mteremko. Badala ya kurudi, wakapanda moja kwa moja kwenye nyasi. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Viatu vya watu arobaini kwenye udongo uliolowa vilitosha kulaza nyasi na kuacha mstari mwekundu ulionyooka kutoka juu hadi chini, na maji hayahitaji mwaliko mwingine. Msimu wa mvua ulipokwisha, mstari ule ulikuwa mfereji wa kina cha kifundo cha mguu, na watu ambao hata hawajui kuna mbio walishaufanya njia ya mkato.

Ndiyo maana nang'ang'ania tepe. Njia panda iwe na watu wawili, mmoja asiruhusiwe kuondoka kwa sababu yoyote. Baada ya kila kona kuwe na tepe ya kuthibitisha, mita 20 hadi 30 mbele, ili aliyepotea ajue mapema. Upande usiotakiwa ufungwe kwa utepe unaokatiza njia. Rangi mbili kwa masafa mawili, ila si nyekundu na kijani, kwa sababu wapo wasioweza kuzitofautisha. Alfajiri mtu asiyeijua njia aipite yote peke yake. Tepe zihesabiwe zikitoka. Zikitoka 120 zirudi 120, zikifunguliwa na wale wanaotembea nyuma ya mtu wa mwisho.

Na huyo wa mwisho apewe muda wake halali. Kanuni ya mpanda milima Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa kutembea milimani, bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mita 300 za kupanda ni saa mbili na nusu bila kupumzika. Mkifunga njia kwa saa mbili, mnawafundisha watembeaji kukata kona.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema mbio hizi zisimame. Lakini mfereji ule ulizibwa na nani? Na watembeaji walewale, Jumamosi mbili, wakalaza magogo ya kukatiza mteremko, theluthi ya unene ikazikwa, kisha wakafunika ncha zote mbili kwa matawi makavu ili jicho la mpita njia lisione pa kuingilia. Hundi haibebi magogo. Bila mbio wale watu wasingelijua hata jina la mteremko ule.

Kwa hiyo nasema ziendelee, na ndiyo, kila mwaka, ingawa kwa masharti. Fedha za kutengeneza njia zitengwe kabla ya hundi kukabidhiwa. Sehemu zenye tope zipumzishwe mwaka baada ya mwaka. Askari wa hifadhi awe na neno la mwisho jioni ya kuamkia siku yenyewe: nyayo ikiacha shimo linalojaa maji, mbio ziahirishwe, hata kama chakula kimeshapikwa. Na kama hampati watu wawili wa kusimama pale njia panda, futeni kilomita 10 mwaka huo, wote wakate kushoto.