Faili la OST limegoma na barua za minada zimo ndani

Dada wa Masasi, umesema umeme ulikatika Outlook, ile programu ya barua pepe, ikiwa wazi, sasa faili la OST, ambamo Outlook huweka barua kwenye kompyuta, halifunguki na barua zote za minada ya korosho zimo humo. Pole. Kwanza usifute kitu, na fundi akitaja kufomati mwambie asubiri, we kopi hilo faili kwenye flashi alafu hangaika na kopi.

Jaribu kuingia kwenye akaunti kwa brauza. Ikikubali basi presha ishuke, maana OST ni nakala tu ya vilivyoko kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza barua, funga Outlook, libadilishe jina lile faili liishie .old, ukifungua tena inatengeneza jipya na kujijaza yenyewe, ila inakula bando kwelikweli. Zitakazokosekana ni zile ambazo hazikuwahi kupanda kwenye seva, kama drafti.

Kazi ipo kama makao makuu walishaifunga akaunti. OST haifunguki kwenye profaili nyingine ya Outlook, yaani mpangilio mwingine wa akaunti, kwahiyo jaribu SCANPST, kifaa cha kuripea mafaili ya Outlook, ipo bure kwenye folda ya Office, tiki bakapu kabla ya kuripea, na irudie hata mara kadhaa. Alafu utahitaji programu ya kuigeuza hiyo OST iwe PST, faili la barua la Outlook lisilofungwa na akaunti moja, hizo nyingi za kulipia, usitoe hela kabla toleo la majaribio halijakuonyesha barua zenyewe.