Shangazi, nikifungua mdomo kijiweni stori inakufa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 29, natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Jioni hukaa na wenzangu kwa muuza kahawa. Kila nikianza kuongea, mmoja anashika simu, mwingine anaagiza kashata. Nikaanza kukariri mambo ya ajabu ya mtandaoni niwasimulie, wakanibandika jina la Profesa. Sasa hata mchumba wangu ameniambia mimi ni mtu mzuri ila sina stori. Shangazi, kazi yangu ni kuhesabu mifuko, stori nitaitoa wapi? – Mtunza Stoo*

Marahaba mwanangu. Hilo jina la Profesa umelitafuta mwenyewe. Ukiwaambia watu kwamba pweza ana mioyo mitatu, watasema "duh", basi. Hakuna wa kukuuliza "ikawaje?", kwa sababu hukuwepo na hujui zaidi ya hapo. Achana na pweza.

Turudi stoo. Kwenye benchi hilo la kahawa hukosi mtu anayejenga, au anayedunduliza hela ya kiwanja. Wewe unajua mambo ambayo wenzako huyajua wakishapata hasara: kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, kwamba saruji hupangwa juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ikiwekwa sakafuni inavuta unyevu, kwamba mfuko wenye mabonge yasiyopukutika kwa vidole umeshaharibika, hata kama karatasi yake inang'aa. Halafu unaniambia huna stori!

Ila usiyamwage kama nilivyoyamwaga mimi hapa. Ukianza na "mabati yana geji tofauti, na kadiri namba inavyopanda…" umeshafungua semina, na semina ya jioni bila posho hana haja nayo mtu. Anza na binadamu. Tuseme leo kaja mteja mbishi. Unasema hivi: "Leo kuna mzee kagoma kuchukua geji 28. Anataka 32. Ananiambia, kijana, mnaniuziaje namba ndogo kwa bei kubwa?" Kisha nyamaza, piga funda la kahawa. Lazima mmoja aulize, "Kwani si kweli?" Hapo umeombwa. Eleza kwa sentensi mbili, namba ikipanda bati linapungua unene, halafu malizia mzee alivyoondoka. Jina la mteja na mtaa wake vibaki dukani, na usimfanye mjinga. Huenda shemeji yake amekaa hapo hapo anakusikiliza.

Stori za namna hiyo hazikai kichwani, kwa hiyo nunua daftari dogo. Kila jioni kabla ya kufunga stoo andika mistari 3: maneno ya mtu kama alivyoyatamka, kitu kimoja ulichokiona kwa macho, na jambo moja lililokushangaza. Kama Jumapili unapumzika, kwa wiki mbili una mistari 36. Mingi itakuwa pumba, ukipata mitano ya kusimulia inatosha. Wengi hukosea kwa kuandika "leo wateja walikuwa wengi". Humo hamna mtu, hamna neno, na kesho ukisoma hukumbuki kitu. Andika "fundi kapima nondo kwa hatua zake, kakataa tepu". Ukiusoma mwezi ujao, fundi mwenyewe anakujia machoni.

Kabla ya kuipeleka kijiweni, isimulie peke yako na kujirekodi kwenye simu. Ikizidi dakika moja na nusu, punguza. Mara nyingi maneno ya ziada yako mwanzoni: uliamka saa ngapi, daladala ilijaa vipi, bosi alichelewa kwa nini. Anzia pale mteja alipofungua mdomo. Na usitangulize "hii itawachekesha sana", maana unawakopesha kicheko ambacho huenda wasikulipe.

Sasa upande wa pili, ambao nadhani ndio unaokuangusha kuliko huo wa kwanza. Mwenzako akisema, "Leo nimeshinda hospitali na mama," wewe hujibu nini? Kama ni "hata mimi mwaka jana niliugua", huko ni kudandia stori ya mtu, na watu hukasirika bila kukwambia. Shika neno lake mwenyewe: "Kushinda kabisa? Mliingia saa ngapi?" Muulize maswali mawili yanayotokana na alichosema kabla hujaleta la kwako. Yakizidi matatu mfululizo bila wewe kutoa chochote, unakuwa polisi. Kwa hiyo uliza, sikiliza, changia kidogo, mrudishie.

Kama hapo kijiweni wanacheza bao, mwombe mzee mmoja akufundishe. Mashimo 32 na kete 64 si mchezo wa wiki moja, na usikimbilie kucheza. Kaa ubavuni pake wakati wa kunamua, yaani hatua ya mwanzo ya kuingiza kete za akiba mchezoni, jaribu kubashiri atakula wapi, ukikosea muulize kwa nini. Wenye aibu huongea vizuri zaidi macho yakiwa kwenye kitu kingine. Isitoshe, mzee anayekufundisha hakuchoki upesi kama yule unayemfundisha wewe.

Kuhusu mchumba, sina hakika alikuwa anadai vichekesho. Jichunguze: akikuuliza siku yako ilikuwaje, humjibu "poa tu"? Basi badala ya "poa", msomee mstari mmoja wa daftari, kisha umuulize yake, na jibu lake ulikumbuke. Kama Jumanne alikwambia ana kikao kigumu Alhamisi, Alhamisi jioni anza na kikao hicho. Nacho kiandike, nyuma ya daftari.

Daftari lenyewe liwe la kuingia mfuko wa shati. Kubwa utaliacha nyumbani siku ya tatu.