Jifunze majina ya mtaa kabla ya mvua

Wewe unayeanza kazi ya mifumo ya kukabili majanga, huenda umechukuliwa kwa sababu unalijua wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao: unawasha seva kumi kabla chai haijapoa na kuzizima jioni bili isipande. Ujuzi huo utauhitaji. Lakini nilipojitolea hapa Nairobi katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, seva hazikutunyima usingizi hata usiku mmoja. Majina ya mahali ndiyo yaliyotukesheza.

Watu wa Mathare, mtaa wa mabanda kando ya mto, walikuwa wakituma meseji fupi: maji yameingia Bondeni, kuna mzee hawezi kutembea. Programu yetu ilisoma jina la mahali na kuweka nukta kwenye ramani. Bondeni ikawekwa Nakuru, kwa kuwa huko nako iko Bondeni. Kosovo, ambayo mtoto yeyote wa Mathare anaijua, nukta zake zilitua Ulaya. Tulikuwa na taarifa za kweli mkononi, na ramani ambayo dereva wa ambulensi hangeweza kuifuata. Usiku huo tulimpigia mama mmoja, mhudumu wa afya ya jamii, akatutajia kijiji baada ya kijiji: Mashimoni, Mabatini, 4A, 4B, kila kimoja kinapakana na kipi na daraja liko wapi. Tukayaandika yote kwenye jedwali, kisha tukaiagiza programu itafute humo kwanza kabla ya kwenda kwenye ramani ya dunia. Ilikuwa kazi ya saa tatu. Sijawahi kuandika kitu chenye faida kuliko hicho.

Wenzetu walishalipitia jambo hili. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka mtaa wao na vifaa vya GPS, wakauingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi inayochorwa na watu wa kujitolea, kupitia mradi wa Map Kibera. Ushahidi, programu ya kuweka ripoti za wananchi kwenye ramani, iliyozaliwa Kenya wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na meseji za Kikrioli zilihitaji Wahaiti walioko ng'ambo wazitafsiri na kueleza mtaa gani ni upi.

Utaambiwa pia kwamba setilaiti itakuonyesha kila kitu. Uliza kwanza ni mafuriko ya wapi. Rada ya setilaiti za Sentinel-1 hupenya mawingu, na kwenye nyanda za Mto Tana, ambako maji hutanda kwa siku nyingi, picha zake ni msaada mkubwa. Mto Mathare unaweza kufurika usiku na kushuka kabla ya adhuhuri, tena kati ya mabati yaliyobanana ambayo huivuruga rada. Setilaiti ikipita siku kadhaa baadaye, watu wameshaanza kuanika magodoro.

Mtandao nao usiutegemee. Mei 12, 2024, mvua ikiwa bado inanyesha, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki. Fomu yako ijihifadhi kwenye simu kwanza, itume mtandao ukirudi. KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa fomu, hufanya hivyo tayari, kwa hiyo usijenge upya. Na mwenye kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, isiyo na bando aweze kuripoti kwa meseji ya kawaida.

Sasa lile ninalokuomba ulishike sana. Mwezi huo wa Mei serikali iliamuru walio kandokando ya mito wahame, na tingatinga zikabomoa nyumba Mathare na Mukuru. Sisi tulikuwa na orodha: jina, simu, na mahali hasa nyumba ilipo, mita ngapi kutoka mtoni. Mama aliyetupa habari hizo ili apate blanketi hakutupa ili nyumba yake ivunjwe. Watu wakaanza kukataa kutuambia wanakolala, na walikuwa na haki. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakutaka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja. Kwa hiyo ramani ya wazi ionyeshe kijiji, isionyeshe mlango. Majina yakae kwenye hifadhi tofauti yenye ufunguo wa watu wachache wanaojulikana, na siku ya kuyafuta iandikwe kabla hujapokea jina la kwanza. Sisi hatukuwa tumeiandika. Ilibidi tubishane wiki nzima na mfadhili aliyetaka nakala.

Mvua za masika huanza Machi. Nenda Januari, mto ukiwa chini, umtafute mzee wa Nyumba Kumi, mtembee naye ukingoni na daftari. Muulize maji yalifika wapi mwaka ule, na mahali pale wenyeji wanapaitaje.