Mwenyekiti wa HOA akidaiwa ada: siku 90 za Florida hazimwondoi mtu Texas

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa HOA, yaani jumuiya ya wenye nyumba, ya mtaa wetu, nje kidogo ya Houston. Mwenyekiti wetu hajalipa ada ya mwaka huu, dola 720, na ya mwaka jana alilipa nusu tu. Ukijumlisha dola 60 za kuchelewa, anadaiwa dola 1,140. Ni mzee wa kwetu, ndiye aliyetupokea wengi wetu tulipohamia hapa, kwa hiyo kila mtu anaona haya kumwambia. Sasa mjumbe mmoja wa bodi ameleta barua aliyoipata mtandaoni. Inasema mjumbe anayepitisha siku 90 bila kulipa anahesabiwa ameshakiacha kiti chake. Anataka sote wanne tuisaini tumpelekee. Mwingine anataka kadi yake ya bwawa la kuogelea izimwe na jina lake lisomwe kwenye mkutano wa mwaka. Tufanyeje?

JIBU: Usiisaini hiyo barua. Kama wenzako wameshaisaini, ichukueni mrudi nayo kabla haijafika mlangoni kwa mzee.

Barua hiyo naijua. Hubadilishwa jina la mtaa na tarehe, mengine yakabaki yalivyo, na inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wetu kutoka Tampa mpaka Dallas. Maneno yake yametoka kwenye sheria ya Florida, kifungu cha 720.306. Huko ni kweli kabisa: mjumbe wa bodi akichelewa kulipa deni lolote la jumuiya zaidi ya siku 90, anahesabiwa ameacha kiti na nafasi iko wazi. Tena anayedaiwa siku ya mwisho ya kupendekeza majina haruhusiwi hata kugombea. Ni sheria nzuri, ila ni ya Florida. Wewe unaishi Texas.

Na Texas haikukaa kimya juu ya jambo hili. Imesema kinyume chake. Kifungu cha 209.00591 cha Sheria ya Mali ya Texas kinabatilisha sharti lolote la jumuiya linalomzuia mwenye nyumba kugombea ujumbe wa bodi, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo humo. Mojawapo ni mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, au kosa la kukosa uadilifu, ndani ya miaka 20 iliyopita, na ushahidi wa maandishi wa vyombo vya dola ukaletwa mbele ya bodi. Kudaiwa ada hakumo. Kifungu cha 209.0059 nacho kinamlinda mwenye nyumba asinyang'anywe kura ya kuchagua bodi. Kwa hiyo mzee wenu, na deni lake lote la dola 1,140, ana haki ya kupiga kura na ana haki ya kugombea tena mwakani.

Watu hunijia na katiba ya jumuiya mkononi: "Lakini sisi katiba yetu inasema asiyelipa asigombee." Inawezekana inasema. Katiba nyingi za mitaa ya huku ziliandikwa na kampuni zilizojenga nyumba, miaka mingi kabla ya marekebisho ya 2011, na hakuna aliyezigusa tangu hapo. Katiba ya jumuiya iko chini ya sheria ya jimbo. Kipengele kilichobatilishwa kinabaki kwenye karatasi bila nguvu yoyote, na anayekitumia kumtoa mtu anajitafutia kesi atakayoilipia kwa ada za majirani zake.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Texas nayo ina siku 90 zake, ndiyo maana barua hii inawanasa hata watu makini. Tangu marekebisho ya 2021, jumuiya hairuhusiwi kusajili deni la ada dhidi ya nyumba kwenye ofisi ya kumbukumbu za kaunti mpaka itume notisi mbili. Ya kwanza huenda kwa posta ya kawaida au baruapepe. Ya pili huenda kwa barua ya rejista, si chini ya siku 30 baada ya ile ya kwanza. Kisha zipite siku 90 tangu ile ya pili. Yaani siku 90 za Texas ni muda anaopewa mdaiwa ajikwamue. Hazina uhusiano wowote na kiti chake. Mtu akizisikia kwa mbali anazichanganya na za Florida, halafu anakuja kwenye kikao anasema kwa sauti kubwa, "Sheria iko wazi!"

Sasa tuje kwa mzee. Mnayo mambo mawili mkononi na mmeyafunga kamba moja: deni lake na nafasi yake. Yafungueni.

Nafasi kwanza. Uenyekiti ni cheo, na ujumbe wa bodi ni kiti. Kiti alipewa na wenye nyumba kwa kura. Kwa jumuiya iliyosajiliwa kama shirika lisilo la faida, ambazo ndizo nyingi, mjumbe huondolewa kwa utaratibu ulioandikwa kwenye katiba yenu, na kama katiba haisemi kitu, ni wale wale waliomchagua ndio wa kumwondoa kwa kura. Ninyi wanne si wapiga kura wake. Cheo ni jambo jingine: katika jumuiya nyingi bodi yenyewe ndiyo huchagua mwenyekiti miongoni mwa wajumbe, na aliyeweka ndiye anayetoa. Soma katiba yenu kipengele cha maofisa. Kama ndivyo ilivyo, mnaweza kumwomba apumzike uenyekiti huku akibaki mjumbe, au kumchagua mwingine kwenye kikao kilichotangazwa. Na kama ataamua mwenyewe kujiuzulu ujumbe, msimwingize mtu kwenye nafasi yake kwa kuulizana kwenye simu. Kujaza nafasi ya bodi Texas hufanywa kwenye kikao cha wazi ambacho wenye nyumba walipewa taarifa mapema.

Lakini je, kuna haja ya kufika huko? Mtu anayedaiwa dola 1,140 hajaiba. Huenda amepunguziwa saa za kazi, huenda anauguza, huenda amepeleka fedha nyumbani kwa msiba. Aibu mnayoiona mbele ya mzee naielewa, nimelelewa hivyo hivyo. Ila kunyamaza miezi yote hii si heshima. Mmemwacha deni likue mpaka mtu mwingine akaleta barua ya kumfukuza. Nendeni wawili, wewe na mmoja anayemheshimu, msiende wanne kama mnaokwenda kukamata. Salimieni, kaeni, mwonyesheni leja yake na fomu ya kulipa kwa awamu.

Hiyo fomu si hisani yenu kwake. Jumuiya yenye viwanja zaidi ya 14 inalazimika kuwa na utaratibu wa malipo ya awamu, na muda wake hauwezi kuwa chini ya miezi mitatu. Si lazima mzidishe miezi 18. Wakati anaendelea kulipa kwa mpango huo hamwongezi adhabu ya kuchelewa, ingawa riba na gharama halisi za kuusimamia mpango zinaruhusiwa. Akiwa aliwahi kuvunja mpango kama huo ndani ya miaka miwili iliyopita, hapo hamlazimiki kumpa mwingine. Masharti ni hayo hayo kwa mwenyekiti na kwa yule jirani wa mwisho mtaani ambaye hajawahi kuja kikaoni.

Suala lake likija mezani, yeye asipige kura na asikae chumbani. California wameliandika hili waziwazi: mjumbe hapigi kura juu ya ombi lake mwenyewe la kulipa deni kwa awamu, wala juu ya uamuzi wa kuuza nyumba yake kwa ajili ya deni. Hata bila kuandikiwa hivyo, mtu mwadilifu hutoka nje, na katibu anaandika kwenye muhtasari kwamba alitoka.

Leja nayo itazame kwa macho yako, usiiachie programu ya kompyuta. Tuseme mzee anakuja na hundi ya dola 400. Nimeona programu za uhasibu zilizopangwa zikate kwanza zile dola 60 za kuchelewa, halafu kinachobaki ndicho kiingie kwenye ada. Kwa Texas hilo ni kosa. Sheria imepanga foleni: ada iliyochelewa, kisha ada ya sasa, kisha gharama za mwanasheria zinazohusu ada, na mengineyo nyuma yake. Kwa hiyo dola 360 zinafuta mwaka jana, dola 40 zinapunguza mwaka huu, na zile 60 za kuchelewa zinangoja zamu yake. Tofauti inaonekana ndogo, lakini leja iliyopangwa vibaya ndiyo kitu cha kwanza ambacho mwanasheria wa mdaiwa huomba kukiona.

Kuhusu kadi ya bwawa: kumzuia mwenye nyumba kutumia eneo la pamoja kunataka kwanza masharti yenu yawape mamlaka hayo, kisha barua ya rejista inayomweleza kosa, muda wa kulirekebisha, na haki ya kusikilizwa mbele ya bodi. Kuzima kadi usiku na kumwacha agundue mwenyewe getini mbele ya wajukuu ni uonevu, na ni uvunjaji wa utaratibu. Kusoma jina mkutanoni, hapana kabisa. Mambo yanayogusa siri ya mwenye nyumba mmoja mmoja yamewekewa kikao cha faragha, na uamuzi wake huelezwa kwa ujumla tu bila kumwanika mhusika. Katika ripoti yako ya hazina sema jumla ya ada zisizolipwa na idadi ya nyumba. Inatosha.

Nisiwafiche, kuna jambo linalonitisha kuliko barua ya Florida. Bodi ikishindwa kuzungumza na mtu wake, hatua inayofuata huwa ni kumpigia simu mkusanya madeni anayejitangaza, "Hulipi kitu mpaka tukusanye." Masikioni linavutia. Kifungu cha 209.0064 kinasema mwenye nyumba hawajibiki kulipa gharama za mkusanyaji ambaye malipo yake yanategemea kiasi atakachokusanya. Maana yake fedha za huyo bwana haziwezi kubandikwa kwenye leja ya mzee. Zitatoka kwenye mfuko wenu. Na kabla hata hajapewa jalada, jumuiya inatakiwa iwe imetuma barua ya rejista yenye mchanganuo wa deni, maelezo ya malipo ya awamu, na muda usiopungua siku 45 wa kulipa. Wengi wa hawa "wataalamu" hawawaambii haya, kwa sababu wakiwaambia mtagundua kazi kubwa mnaweza kuifanya wenyewe kwa stempu ya posta.

Houston imeshaonja matokeo yake. Mwaka 2001 mjane wa zaidi ya miaka 80 aliuziwa nyumba yake mnadani kwa deni la ada la dola mia nane na kitu. Kelele zilizofuata zilifika mpaka bungeni Austin, na mwaka huo huo ikapitishwa Sura ya 209 tunayoijadili hapa, ikaanza kutumika 1 Januari 2002. Leo huwezi kuuza nyumba ya mtu kwa ajili ya ada bila amri ya mahakama, huwezi kuiuza kwa faini peke yake, na hata ikiuzwa, mwenyewe ana siku 180 za kuikomboa baada ya kutumiwa notisi. Sheria hii iliandikwa kwa sababu ya bodi zilizokuwa na haraka na makaratasi ya kuazima.

Kwa hiyo mtu akiwaletea barua, fomu au video, muulizeni ni ya jimbo gani na ya mwaka gani, na kama ni ya nyumba au ya fleti za kumiliki, maana hata hapa Texas fleti zina sura yake, ya 82, na haya niliyoeleza ya 209 hayazihusu. Akikosa majibu, wekeni pembeni karatasi yake. Saa moja na mwanasheria wa Texas anayeshughulikia jumuiya za wenye nyumba ni nafuu kuliko kesi moja ya kumtoa mjumbe isivyo halali.

Wiki hii fanyeni mawili. Chapisha leja ya mzee kuanzia ile nusu ya mwaka jana, uhakikishe kila dola imeingia mahali pake. Kisha mpigie umwombe nafasi ya kumtembelea. Akikubali kulipa kwa awamu, sainini siku hiyo hiyo, na nakala moja abaki nayo. Yule mjumbe mwenye barua akiuliza ni sheria gani inayompa mzee miezi mitatu, ni kifungu cha 209.0062. Mpeni asome mwenyewe.