Kinachowasha Sicho Kinachoziba Mirija

Mwanamke anayetafuta mtoto bila kumpata huanza kuutilia shaka mwili wake wote. Kila doa kwenye chupi, kila mwasho na kila harufu ngeni huwa kwake dalili kwamba kizazi kimeharibika. Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi kanda ya ziwa na baadaye Dar es Salaam, na hofu hiyo nimeelezwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, kuliko hofu nyingine yoyote. Ninaloandika hapa ndilo ambalo ningependa kila mwanamke alijue kabla hajafika dirisha la duka la dawa: dalili zinazosumbua zaidi, kwa kawaida, sizo zinazomnyima mtu mtoto, na maradhi yanayoharibu mirija ya uzazi mara nyingi huingia bila kupiga hodi.

Nianze na kile kisicho ugonjwa, kwa kuwa wengi hukitibu. Uke wenye afya hutoa majimaji. Baada ya hedhi huwa machache. Yai linapokaribia kupevuka huwa mengi, maangavu na yenye kuteleza, na ukiyashika kati ya kidole gumba na cha shahada huvutika kama ute wa yai bichi bila kukatika, kisha baada ya siku chache hurudi kuwa mazito na meupe. Mama mmoja alinieleza kwamba kila mwezi, alipoyaona majimaji hayo, alikuwa ananunua vidonge vya kuweka ukeni na kumwomba mumewe asubiri hadi apone. Siku hizo alizokuwa akijitenga ndizo zilizokuwa siku zake za kushika mimba. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, ilhali yai huishi kwa saa 12 hadi 24 tu, kwa hiyo siku za ute unaovutika hazifai kupotea. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata: mwenye mzunguko wa siku 28 huangukia siku ya 14, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 huangukia karibu siku ya 21, na huyo akifuata hesabu ya shoga yake atazipishana siku zake kila mwezi.

Majimaji ya ugonjwa hujitambulisha kwa namna nyingine. Fangasi huleta mwasho mkali, wekundu, maumivu wakati wa kukojoa au kujamiiana, na uchafu mweupe mzito wenye mabonge, kwa kawaida bila harufu kali. Hupenda kumpata mjamzito, aliyetoka kumeza antibaiotiki, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa, ndiyo maana anayerudiwa mara kwa mara anapaswa kupimwa sukari na VVU badala ya kuongezewa tyubu za krimu. Uambukizo wa bakteria ukeni hauwashi sana. Huleta majimaji mepesi ya kijivu yenye harufu ya shombo, ambayo huzidi baada ya tendo la ndoa. Trikomonasi huleta uchafu wa manjano au kijani, wakati mwingine wenye povu, na huu ni ugonjwa wa ngono ambao hauwezi kuisha nyumbani iwapo mwenzi hajatibiwa. Fangasi hawazibi mirija. Bakteria wa shombo wana madhara yao, maana huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU na, kwa mjamzito, wa kujifungua kabla ya wakati. Kwa hiyo watibiwe, lakini bila kuamini kwamba kila aliyewahi kuwapata amekwisha kuwa tasa.

Hapa lazima niseme juu ya kujisafisha ndani, jambo linaloniuma kwa kuwa hufanywa kwa nia njema na mara nyingi hufundishwa na watu tunaowaheshimu. Uke una asidi yake, pH ya kati ya 3.8 na 4.5, inayotengenezwa na bakteria wema wanaoishi humo. Anayeingiza sabuni, ndimu, shabu, kitunguu saumu au vile vipakiti vya dawa vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la kusafisha kizazi, huwaondoa bakteria hao na kuichubua ngozi laini, shombo likarudi kwa nguvu zaidi, naye akazidi kusafisha. Kile kinachotoka baada ya kuweka vipakiti hivyo, ambacho muuzaji hukiita uchafu wa miaka mingi, mara nyingi ni utando wa uke wenyewe uliochubuliwa. Maji safi kwa nje yanatosha.

Sasa niyageukie maradhi yanayoziba. Wanawake wengi wenye klamidia, na wengi wenye kisonono, ambayo yote ni magonjwa ya ngono, hawana dalili yoyote. Vijidudu hivyo vikipanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija, huacha makovu, na yai hushindwa kupita au mimba hutunga nje ya kizazi. Uchunguzi uliofanyika kwa miaka mingi mjini Lund, Sweden, ulionyesha kwamba waliougua maambukizi haya ya nyonga (PID) mara moja, takriban asilimia 8 walikosa mtoto kwa sababu ya mirija. Waliougua mara mbili, karibu asilimia 20. Mara tatu, karibu asilimia 40. Takwimu hizi hunifariji na kunitisha kwa pamoja. Hunifariji kwa sababu hata aliyeugua mara moja ana nafasi kubwa ya kuzaa. Hunitisha kwa sababu kila kurudiwa kuna gharama, na kurudiwa hutokea pale mke anapotibiwa peke yake au dozi inapoachwa nusu. Maumivu chini ya kitovu, homa, maumivu ya ndani wakati wa tendo na uchafu usio wa kawaida vikikutana, usisubiri. Lakini pia usikubali kuitwa mgonjwa wa PID sugu kwa kipimo cha mkojo peke yake, wala kuchomwa sindano mwezi baada ya mwezi bila mtu kukuchunguza kwa ndani.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hausemwi vya kutosha. Kichocho cha mkojo, tunachokifahamu kwa watoto wanaokojoa damu, huletwa na minyoo ya majini inayoweka mayai pia kwenye uke, shingo ya kizazi na hata mirija. Kipo Unguja na Pemba, na kipo kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga ya kanda ya ziwa. Mwanamke hutokwa na majimaji, huvuja damu baada ya tendo, huumia, na huenda akakosa mtoto, huku akitibiwa magonjwa ya ngono ambayo hana na akituhumiwa nyumbani kwa mambo ambayo hakuyafanya. Nilimshuhudia daktari akimwekea mmoja wao kifaa cha kufungulia uke na kuonyesha madoa ya manjano yenye chembechembe kwenye shingo ya kizazi. Swali la kwanza alilomuuliza lilikuwa ni wapi alikuwa akiogelea utotoni. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo, ingawa makovu ya zamani hayaondoki yote. Kama ulikulia kwenye maji ya namna hiyo, mwambie mhudumu hata kama hajakuuliza.

Mume naye apimwe mapema, kabla mke hajapigwa picha ya mirija. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbana na tatizo la uzazi maishani, na katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii upande wa mwanamume unahusika. Kipimo chake hakina maumivu: ajizuie siku 2 hadi 7, na mbegu zifike maabara ndani ya saa moja. Kuwa na mtoto wa zamani hakumwondolei haja ya kupima.

Wenzi wenye umri chini ya miaka 35 wanaokutana mara kwa mara bila kinga wanaweza kusubiri mwaka mmoja kabla ya uchunguzi. Mwanamke aliyefika 35, miezi 6. Mwenye hedhi isiyoeleweka au aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga asisubiri kabisa. Anayetokwa damu baada ya tendo afanyiwe pia kipimo cha siki cha shingo ya kizazi, kwa kuwa hiyo huweza kuwa dalili ya saratani yake. Na aliyekosa hedhi kisha akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo pamoja na kizunguzungu aende hospitali usiku huohuo, maana mimba iliyotunga kwenye mrija inaweza kupasuka kabla ya asubuhi.