Swali la lugha: "Mikopo ya kaboni" inalipwa lini?

Msomaji wetu kutoka Katavi anauliza: "Kwenye mkutano wa kijiji tumeambiwa msitu wetu utatuletea mikopo ya kaboni. Huo mkopo unalipwa lini na riba yake ni ngapi? Halafu kuna karatasi inasema hakimiliki ya msitu, hayo si mambo ya wanamuziki?"

Asante sana ndugu yangu, na nikutoe wasiwasi mapema, hapo hakuna mkopo na hamdaiwi na mtu. Aliyetafsiri alikutana na neno la Kiingereza, "credit", lenye maana mbili, moja ya benki na nyingine ya kwenye mahesabu, kile kinachoandikwa upande wako kwamba ni stahili yako, akachukua ile ya benki. Kosa hili linaniuma kweli kwa sababu nimeliona likifanya kazi, nilikaa kwenye mkutano wa kijiji kimoja mzee akasimama na fimbo yake akauliza, "Mkopo una dhamana, na dhamana yenyewe si ndo huu msitu?" basi minong'ono ikaanza kwamba msitu ushawekwa rehani, watu wakanyanyuka mmoja mmoja wakaondoka na daftari la mahudhurio halijajaa hata ukurasa.

Semeni krediti za kaboni, neno limeshazoeleka, na mlifafanue hapohapo: krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa ambayo haikwenda angani kwa sababu miti yenu imesimama, na kuna kampuni mahali inailipia hiyo tani. Kule Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanakijiji wanauza krediti za mikoko yao tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na hela imeingia kwenye maji na shule. Wengi wanasema "tunauza hewa ukaa", sipigani nao, ila lisikilize neno, ukaa ni ndugu wa makaa na mkaa, hewa ukaa ndo ile inayotoka kuni zikiungua, sasa nani anunue hiyo? Mnachouza ni kuizuia. "Biashara ya kaboni", kama kanuni za Tanzania za 2022 zinavyosema, inatosha kabisa.

Kuhusu hakimiliki uko sahihi kushtuka, maana mtaani neno hilo limebaki kwa nyimbo na vitabu. Kwenye ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kuna haki miliki ya kimila, mimi naiandika kwa maneno mawili ili isichanganywe na ya wasanii, na karatasi yake ndo hati. Haki ni yenu hata kabla ya karatasi, hati inaithibitisha tu. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati yao ya pamoja 2011, na kwa kuwa mwenye msitu alijulikana, krediti zikapata muuzaji. Kwahiyo mkutano ujao muombe hiyo karatasi isomwe kwa sauti, mstari wa jina la mmiliki kwanza, msikie kama limeandikwa la kijiji au la mtu.